Vilima vya Kigali na Joto la Breki

Msafiri anayeingia Rwanda kwa barabara kutoka Tanzania hupewa mafunzo mawili kabla hajafika Kigali. Funzo la kwanza hulipata Rusumo, wilayani Ngara, pale mto Akagera unapoporomoka karibu na daraja la mpakani. Daraja hilo jipya na kituo cha pamoja cha forodha vilizinduliwa rasmi mwezi Aprili mwaka 2016 na Marais John Magufuli na Paul Kagame. Hapo dereva aliyezoea tangu utotoni kushika upande wa kushoto wa barabara hana budi kuhamia kulia, na kuendelea hivyo hadi siku ya kurudi kwao.

Funzo la pili halina kibao wala askari wa kulieleza. Huja kwa njia ya pua. Ni harufu kama ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi ya mkaa, nayo husikika chini ya miteremko mirefu, pale lori lililosheheni linapokuwa limeegeshwa kando na dereva wake amechuchumaa akiyatazama magurudumu. Hiyo ni harufu ya breki zilizopata joto kupita kiasi. Mwenyeji huipita bila kugeuka. Mgeni mwenye busara huivuta mara moja tu, akapunguza gia.

Nilikaa Kigali siku tisa, na katika siku hizo jambo nililojifunza zaidi lilikuwa ni hili la breki. Naliandika kwa ajili ya wasomaji wetu wanaoendesha magari ya kazi milimani, na kwa ajili ya jamaa zao wanaoketi viti vya nyuma wakimwamini aliyeshika usukani.

MJI USIOJUA TAMBARARE

Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, tabibu wa Kijerumani aliyekuwa mwakilishi wa serikali ya kikoloni ya wakati ule. Ulipofika uhuru mwaka 1962, mji huo mdogo uliokuwa katikati ya nchi ndio uliochaguliwa kuwa makao makuu. Waliouchagua hawakutafuta uwanda. Mji umekaa kiasi cha mita 1,567 juu ya usawa wa bahari, umetandazwa juu ya vilima na kuning'inia kwenye mabonde. Upande wa magharibi, nyuma ya mtaa wa Nyamirambo, umesimama Mlima Kigali wenye urefu wa mita zipatazo 1,850.

Basi katika mji huu hakuna safari isiyo na mlima. Mama anayekwenda sokoni hushuka, na akirudi na kapu kichwani hupanda. Mwenye pikipiki ya abiria huzima injini kwa tamaa ya kuokoa mafuta, akaserereka. Barabara ni safi, lami ni laini, na kamera za kupima mwendo zimesimama kando kimya kama walinzi wa zamu. Lakini ulaini wa lami haufuti mteremko. Waama, huufanya mteremko uwe mtamu, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Ulimwengu mzima uliyaona hayo mwezi Septemba mwaka 2025, Kigali ulipopokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, zikipita juu ya Mlima Kigali na kuteremka tena mjini, na mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Katika safari hiyo moja wapanda baiskeli walipanda jumla ya mita zaidi ya 5,000. Watu walizihesabu mita za kupanda, wakasahau kwamba sehemu kubwa ya zilizopandwa hapana budi zishukwe.

Kabla ya hapo, tarehe 13 Desemba mwaka 2024, Shirikisho la Kimataifa la Magari lilifanyia Kigali sherehe yake ya kutoa tuzo za mwaka. Max Verstappen wa Uholanzi alipokea hapo kombe lake la ubingwa wa Formula One, na Rais Kagame akatangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mashindano hayo. Tangu zamani wako pia wapenzi wa mbio za barabara za vumbi, ambao hukusanyika kutazama Rwanda Mountain Gorilla Rally, mbio zinazohesabiwa katika ubingwa wa Afrika. Si ajabu basi kwamba vijana wengi wa Kigali wenye magari madogo ya kasi wanaota kuyageuza yawe ya mashindano. Mmoja wa vijana hao ndiye aliyenifikisha kwenye gereji.

GEREJI YA NYAMIRAMBO

Nyamirambo ndio mtaa ambao msemaji wa Kiswahili hujiona yuko nyumbani. Katika sehemu yake iitwayo Biryogo waliishi tangu zama za ukoloni wafanyabiashara na Waislamu waliokuja na lugha hiyo, na hadi leo chai ya maziwa, sambusa na salamu za Kiswahili havikosekani hapo. Mwaka 2017 sheria ya Rwanda ilikiweka Kiswahili miongoni mwa lugha rasmi za nchi, lakini wazee wa Biryogo hawakuisubiri sheria.

Gereji niliyoingia ni uwanja wa saruji uliozungukwa na ukuta, na mti wa parachichi pembeni. Fundi wake ni mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kusikiliza mpaka mwisho. Siku ile alikuwa akimsikiliza kijana mmoja aliyeegemea Subaru Impreza ya rangi ya buluu. Gari lilikuwa limeongezwa nguvu za injini, limeshushwa chini, limevikwa magurudumu mapana, na bampa yake ya asili imetolewa ikawekwa nyingine ya urembo, nzuri kwa macho.

Shauri lake lilikuwa zito. Wiki moja iliyopita alikuwa akiteremka kutoka Mlima Kigali, mama yake akiwa pembeni na mdogo wake nyuma. Katika kona ya mwisho alikanyaga breki na pedali ikazama hadi sakafuni kama mguu unaozama matopeni. Aliokolewa na gia ya pili, breki ya mkono na rehema za Mwenyezi Mungu. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku ile mama yake hakupanda tena gari hilo, na mdogo wake alikwenda shule kwa miguu.

"Fundi," alisema kijana, "diski ni kubwa, pedi ni za mashindano. Kilichobaki ni upepo. Nataka unitobolee njia ya upepo mpaka kwenye breki, kama magari ya rally."

Fundi alimjibu, "Upepo tutauleta, kijana wangu. Lakini kwanza tujue moto huu unawashwa na nani."

SUFURIA YA MAJI

Hapa inafaa tusimame kidogo, tueleze joto la breki hutoka wapi. Breki haiuondoi mwendo wa gari, bali huugeuza kuwa joto. Gari la uzito wa kilo 1,400 likienda kilomita 100 kwa saa, likisimamishwa kwa breki peke yake, hutoa joto linalotosha kuchemsha kiasi cha lita moja na nusu ya maji baridi. Hilo ni birika la chai ya nyumba nzima, nalo huchemshwa kwa kukanyaga mara moja.

Mteremko ni mbaya zaidi, kwa kuwa hauna mwisho wa haraka. Gari hilo hilo likishuka mita 250 kwenda chini, na dereva akaiachia breki kazi yote, joto litakalotoka litachemsha sufuria ya lita kumi. Sasa mwenye nyumba na afikirie: sufuria la maji ya kupikia watu wa msiba, na moto wake wote umebanwa ndani ya vipande vinne vya chuma visivyozidi upana wa sinia.

Joto hilo likikosa pa kwenda, hutokea mojawapo ya mambo mawili. La kwanza, pedi huungua usoni na kuwa laini kama kioo. Hapo pedali hubaki ngumu chini ya mguu, lakini gari halishiki. La pili, joto hupenya hadi kwenye mafuta ya breki na kuyachemsha. Mafuta ya breki hayabinyiki, ndiyo maana yanaweza kupeleka nguvu ya mguu hadi kwenye gurudumu. Lakini mvuke hubinyika. Yakichemka, mguu wa dereva hubinya mvuke mtupu, na pedali huzama. Lililompata kijana wetu ni hili la pili.

Mafuta hayo yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani kidogo kidogo. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubaliwa hushuka hadi nyuzi 155. Kwa hiyo dereva anaweza kuwa na diski za fahari na mafuta ya miaka minne, na mteremko ukamkuta mnyonge.

Kigali unaongeza jambo lake. Katika urefu ule hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa kwa karibu sehemu moja ya saba. Upepo ule ule unaopita kwenye breki hubeba joto pungufu. Gari lililojaribiwa pwani likaonekana zima, laweza kulalamika likipelekwa milimani, bila mtu kulibadili hata msumari.

KOSA LILILOJIFICHA

Fundi hakugusa nyundo siku ile. Alimwambia kijana waende mlimani, nami nikakaribishwa kiti cha nyuma. "Mzee, funga mkanda," aliniambia, "na usiongee na dereva." Tuliteremka kwa mwendo wa kawaida, tukasimama mahali pa wazi, na fundi akatoka na kipimajoto cha kuelekeza, ndugu wa vile tulivyoelekezewa usoni wakati wa Korona mwaka 2020, ila hiki ni cha viwandani, kinachosoma joto la mamia ya nyuzi. Alipima kila diski mahali pale pale na kwa umbali ule ule, kwa kuwa, alinieleza, chuma kinachong'aa hukidanganya kipimajoto. Basi akidanganywe kwa usawa, ili apate kulinganisha.

Diski ya mbele ya kulia ilizidi ya kushoto kwa nyuzi zaidi ya mia moja.

"Waona?" alimwuliza kijana. "Upepo haubagui kulia na kushoto. Hapa pana mtu anayekaba."

Gari liliporudi gereji na gurudumu kufunguliwa, siri ilionekana. Kalipa zile kubwa zilinunuliwa za mtumba. Katika ile ya kulia, mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa umechanika, mchanga na maji vikaingia, na pistoni moja ikashikwa na kutu. Kila breki ilipoachiwa, pistoni hiyo haikurudi vyema. Pedi iliendelea kuisugua diski kutwa nzima, mlimani na tambarare, ikipika mafuta taratibu. Nayo mafuta yenyewe yalipotolewa yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyokolea.

Laiti fundi angeanza na upepo, angefunika kosa hilo kwa miezi michache. Gari lingepoa kidogo, kijana angejiamini zaidi, na siku ya siku pistoni ingekwama kabisa. Hapo nilikumbuka kwamba askari wa usalama barabarani anapoligeuza gari lirudi kutengenezwa, dereva hunung'unika kwamba "linashika vizuri tu." Mashine ya kupimia breki kwenye vituo vya ukaguzi huzungusha gurudumu moja moja na kulinganisha nguvu za pande mbili kwa sababu hiyo hiyo. Tofauti ya kulia na kushoto husema kweli ambayo mguu wa dereva hauisikii.

Pistoni zilisafishwa, mipira yote ikabadilishwa pande zote mbili, na mafuta mapya yakatiwa mpaka mapovu yote yakatoka. Pedi za mashindano nazo ziliondolewa. Pedi za namna hiyo hutaka kwanza zipate moto ndipo zishike. Asubuhi ya baridi, mtoto akikatiza barabara, huwa nzito kuamka. Ziliwekwa za barabara za kawaida, zilizo imara. Waliporudi mlimani, joto la kulia na la kushoto lilikaribiana. Ndipo fundi akasema, "Sasa tuzungumze habari ya upepo."

NJIA YA UPEPO

Diski ya mbele ya gari kama hilo si bamba moja. Ni mabamba mawili yaliyounganishwa kwa mapezi mengi katikati, kama sandwichi iliyowekwa vijiti. Inapozunguka, mapezi hayo hufanya kazi ya feni: huvuta hewa kutoka katikati, karibu na kitovu cha gurudumu, na kuitupa nje ukingoni. Kwa hiyo diski ina mdomo, na mdomo huo uko upande wa ndani, usioonekana na mpita njia.

Vijana wengi hawalijui hilo. Hutoboa bampa na kuelekeza upepo kwenye uso wa diski. Fundi alilieleza kosa hilo kwa mfano wa jikoni. Mtoto akipewa uji wa moto, alisema, huupuliza juu. Utando wa juu hupoa, lakini akichota kijiko kutoka chini anaungua ulimi. Diski inayopulizwa uso mmoja hupoa upande huo na kubaki na moto upande wa pili, na chuma chenye baridi huku na joto kule huweza kupinda au kupasuka. Hewa hupelekwa mdomoni, na diski yenyewe itajilisha.

Kazi ilianza kwenye bampa. Ile ya urembo ilikuwa na matundu ya uongo, yamezibwa kwa plastiki nyeusi nyuma yake. Kijana alikuwa amelipa fedha nyingi kuziba njia ambazo watengenezaji wa gari walikuwa wamemwachia bure. Fundi alikata plastiki hiyo katika pembe mbili za mbele, karibu na mahali pa taa za ukungu, kwa kuwa hapo upepo hugonga kwa nguvu. Tundu la chini ya gari au ubavuni, ambako upepo hupita bila kusukuma, lisingefaa kitu.

Kutoka hapo alitandaza mipira miwili ya hewa yenye upana wa milimita 75, ya kitambaa kinachostahimili moto, chenye waya wa kuizuia isisinyae. Kijana aliwahi kujaribu mwenyewe kwa bomba la plastiki la mashine ya kufulia, na mabaki yake yaliyoyeyuka yalikuwa bado yamegandamana nyuma ya gurudumu. Mipira ilipitishwa kwa kona pana, kwa sababu hewa ikikunjwa ghafla hupoteza nguvu kama maji katika mpira wa bustani uliokanyagwa. Mwishoni kila mpira ulifungwa kwenye bati dogo lililokatwa kwa mkono, lenye mdomo unaotazama kitovu cha diski kwa ndani.

Kisha lilikuja jaribio ambalo wengi hulisahau. Usukani ulizungushwa kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, na gari likabonyezwa chini kama lililobeba watu watano. Upande mmoja tairi ililigusa bomba. Fundi alifungua, akalisogeza, akafunga tena, akarudia jaribio lote tangu mwanzo. Mpira unaosuguliwa na tairi utakatika, na ukikatika waweza kujizungusha kwenye gurudumu au kuuvuta waya wa kupima mwendo wa gurudumu. Mwisho aliweka wavu wa chuma kwenye matundu ya mbele, maana mvua za Machi hadi Mei haziachi barabara za pembezoni bila matope na kokoto.

Habari ya kokoto si ndogo. Magari ya rally ya daraja la Rally2 hutumia diski za mbele za milimita 300 yanapokimbia vumbini, na za milimita 355 yanapokimbia kwenye lami. Vumbini hutakiwa gurudumu dogo lenye tairi nene la kuvumilia mawe, na diski hulazimika kuingia ndani yake. Hata wakubwa wa mchezo huo hawana breki moja ya kila mahali. Mwenye gari la nyumbani asidhani kwamba kila kinachoonekana kwenye gari la mashindano kitamfaa njia ya shule.

UPEPO SI DEREVA

Kazi ilipokwisha tuliteremka tena, na kipimajoto kikaonyesha kwamba diski zimepoa kuliko mara zote mbili za kwanza. Kijana alifurahi, akamshukuru fundi kwa mikono miwili. Lakini fundi alikuwa na neno lake, nami naliona ndilo neno kubwa la siku zangu zote za Kigali.

Msukumo wa upepo, alisema, hutegemea mwendo. Mwendo ukipungua nusu, msukumo hubaki robo. Njia ya upepo hufanya kazi nzuri kwa gari linalokimbia, lipate kupoza breki kabla ya kona inayofuata. Lakini katika mteremko wa mjini, nyuma ya basi, kwa kilomita thelathini kwa saa, upepo ni kidogo na breki imekanyagwa muda wote. Huko ndiko familia hupita kila siku, na huko mpira wa hewa husaidia kidogo tu.

Kinachosaidia ni gia. Injini iliyoshikwa na gia ndogo hulizuia gari bila kuwasha moto kwenye magurudumu. Kanuni ya madereva wa malori ni ya zamani na bado haijapata mpinzani: shuka kwa gia ambayo ungepandia mlima huo huo. Gia hiyo huingizwa juu, kabla mteremko haujaanza. Dereva anayengoja hadi gari limpite nguvu, katika gari kubwa huenda asiipate tena. Breki hukanyagwa kwa nguvu kwa muda mfupi, mwendo ukashuka, kisha ikaachiwa ipumue. Mguu unaolala juu ya pedali kutoka kileleni hadi bondeni ndio unaochemsha ile sufuria ya lita kumi.

Na gari likifika chini lina moto, lisimamishwe ghafla? La. Diski ikisimama, feni yake imesimama, na joto lote hurudi kwenye kalipa na mafuta. Mwache gari atembee taratibu dakika chache mahali penye usalama. Lakini harufu ikiwa kali, au pedali imeanza kulegea, hapo hakuna kutembea: simama mara upatapo mahali pa usalama, weka kigingi kwenye gurudumu, ungoje. Kamwe usimwagie maji diski yenye moto. Chuma hupasuka, na ufa mwingine hauonekani mpaka siku unayouhitaji uzima wake.

Maneno hayo yanawahusu pia wale wenye magari ya breki za ngoma, kama yalivyo malori mengi ya kazi. Ngoma ikipata joto hutanuka, ikazikimbia viatu vya breki zilizo ndani yake, na mguu hulazimika kwenda mbali zaidi kupata mshiko ule ule. Msafara wa magari ya jeshi au ya polisi unaoshuka mlima hauna budi kuachiana nafasi, si kwa heshima ya safari tu, bali ili aliye nyuma asilazimike kukanyaga kila mara mwenzake anapokanyaga.

MAMA ALIPOKUJA

Jioni ile mama wa kijana alikuja gereji. Alikuwa mwanamke mrefu, amejitanda kitenge, na mtoto wake mdogo amemshika mkono. Alilizunguka gari mara moja, akatazama yale matundu mapya, hakuonekana kuyajali. Kisha akamgeukia fundi, si mwanawe.

"Fundi, wewe ungempandisha mama yako humu?"

Fundi alifuta mikono yake kwa kitambaa kabla ya kujibu. "Mama, gari nimelimaliza, na mama yangu ningempandisha. Lakini ningemwambia amtazame dereva mkono. Asipoishika gia kabla ya mteremko, ashuke."

Mama aliketi mbele, mtoto akaketi nyuma. Kijana aliwasha injini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuinguruma. Pale lango la gereji linapofungukia barabara inayoteremka, gari lilisita kidogo. Niliona mkono wake ukishuka kwenye gia, na mama yake akiutazama. Kisha lile Subaru la buluu likashuka polepole kuelekea mjini, na taa zake za breki zikawaka mara moja, zikazimika, zikawaka tena mbali kidogo.

Siku mbili baadaye nilirudi kwetu kwa barabara ile ile ya Rusumo. Kwenye mteremko wa kwanza nilimwona dereva wa basi letu akipunguza gia juu kabisa, kabla hajaona bonde. Nilimshukuru kimyakimya, nikalala.